Usiniambie Muvi Kali, Niambie Umeona Nini

Kamwene watu wa Iringa, ugonile wa Mbeya na Rungwe, na nyie wa Njombe, Songwe na Ruvuma habari zenu jamani. Baridi ya mwezi huu sio ya kutania, huku Mbeya ikifika saa moja jioni mtaa umeshanyamaza, watu wako ndani wamejifunika mablanketi wanaangalia muvi, na najua ni hivo kwa sababu jumbe zenu zimekuja nyingi mno. Nimezisoma zote. Nyingi zinasema "dada nimeangalia muvi fulani, ni kali balaa", basi, imeishia hapo. Au "mbovu, nimepoteza bando langu". Mi nawaomba kitu kimoja tu na nitakirudia mpaka mnichoke: usiniambie kali, niambie umeona nini. Nani alikuwa amekaa wapi, kulikuwa na mvua au jua, ulilia sehemu gani, mama alisema nini pale kwenye kochi. Hapo ndo tunaweza kuongea sasa. Waliofanya hivo mwezi huu ndo nawajibu hapa, na mmoja wa Kalenga nimemwachia nafasi kubwa kwa sababu ujumbe wake umenikosesha usingizi kabisa.

*Dada, mimi na mume wangu tumenuniana kwa ajili ya Vuta N'kuvute. Mimi kitabu nilikisoma shuleni nikakipenda mno, sasa filamu naona imeacha vitu vingi alafu inaenda taratibu, wakati mwenzangu ambaye kitabu hajakisoma anasema hajawahi kuona filamu ya Kitanzania nzuri kama ile. Nani yuko sahihi? Mama wa Forest, Mbeya*

Dada yangu wa Forest, we umeangalia filamu huku umeshika kitabu kichwani, mwenzio kaangalia filamu. Kitabu cha Adam Shafi ni kinene, kinakutembeza, kinakuingiza kwenye mawazo ya Yasmin mpaka unajua anaogopa nini hata kabla hajafungua mdomo. Kamera haiwezi kufanya hivo, kamera inakupa uso, mwanga unaoingia dirishani, ukuta wa Mji Mkongwe usiku, inakuachia we mwenyewe ukae na huyo binti ujue anawaza nini. Kwaiyo Amil Shivji alivoitengeneza amechagua, kambana Yasmin aliyeikimbia ndoa ya kuozwa na Denge anayepigania uhuru, Zanzibar ya miaka ya 1950 Mwingereza bado yupo, na mengine mengi kayaacha nje. Ingebidi. Filamu ina saa moja na nusu hivi, kitabu kile ungekirekodi chote ungekaa kwenye kochi siku mbili.

Hilo la kwenda taratibu hapo niko na shemeji. Sisi tumezoeshwa kwamba kila baada ya dakika mbili mtu apigwe kofi au mtu alie kwa sauti, ikitokea filamu inakaa kimya tunaona imekwama. Lakini kumbuka ile ni filamu iliyoanza kuonyeshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021, nchi yetu ikaipeleka kuwania Oscar, na kabla ya hapo Tanzania ilikuwa imewahi kupeleka filamu moja tu, Maangamizi, mwaka 2001. Miaka ishirini katikati! Watu hawakuipenda huko kwa bahati, waliipenda kwa ule utulivu wake ambao we umekukera.

Ila kuna kitu nakuunga mkono na wewe. Mwajuma. Kwenye kitabu Mwajuma ni mtu kamili, rafiki unayetamani uwe naye mtaani kwako, na kwenye filamu Siti Amina kampa uhai mzuri sana lakini mi nilitaka nikae naye zaidi. Sasa fanyeni hivi, mpe mume wako kitabu akisome, na we irudie filamu ukiwa peke yako watoto wamelala, kitabu kiache kabatini. Mkimaliza nitumieni kila mtu sehemu moja tu aliyoipenda, nataka kuona kama zitafanana.

*Dada habari, tumenunua TV mpya inchi 55, picha safi sana, lakini muvi zote zinaonekana kama tamthilia ya kurekodiwa sebuleni, watu wanatembea kama wanateleza. Hata muvi za zamani ninazozijua. Fundi anasema ndo ubora wenyewe. Ni kweli? Msomaji wa Mafinga*

Sio kweli kaka, na macho yako yako sawa kabisa, usikubali uambiwe huoni. Filamu inapigwa picha 24 kwa sekunde, imekuwa hivo tangu sauti ilipoingia kwenye sinema mwishoni mwa miaka ya 1920, na ule mwendo wake wenye uzito kidogo ndo unaotufanya tuhisi tuko kwenye hadithi. TV yako mpya inaona picha 24 ni chache, inaamua kutunga picha zake yenyewe na kuzichomeka katikati ya zile za kweli ili mwendo ulainike. Yaani unaangalia picha ambazo hakuna mtu aliyezipiga.

Mi niliiona kwa kaka yangu Uyole. Tulikuwa tunaangalia muvi ya zamani, mzee kwenye muvi ananyanyua kikombe cha chai, nikaona vidole vyake pembeni vinacheza kama vitu viko ndani ya maji, kikombe chenyewe kinameguka kwenye ukingo. Nikasimama karibu na TV kabisa nikamwambia kaka rudisha nyuma, rudisha tena. Tukaingia kwenye mipangilio ya picha tukakizima hicho kitu, tukarudia palepale, vidole vikatulia. Mzee akawa mzee tena.

Kwenye Samsung kinaitwa Auto Motion Plus au Picture Clarity, LG wanakiita TruMotion, Sony ni Motionflow, na TV nyingine zina majina yake lakini ukiona neno motion kwenye mipangilio ya picha ujue umefika. Kizime. Baadhi ya TV mpya zina kitufe kimoja kinaitwa Filmmaker Mode, ukikibonyeza kinazima madoido yote mara moja. Na hiyo rangi ya Vivid uitoe pia, ile ni ya kuvutia wateja dukani, weka Movie au Cinema, siku ya kwanza utaona kama giza alafu siku ya tatu hutataka kurudi. Kwenye mpira unaweza kukiacha kile cha mwendo, mpira ni jambo jingine.

*Mwanangu, mimi ni mama mtu mzima niko Tukuyu. Kijana wangu yuko chuo, akirudi likizo ananicheka kwa sababu naangalia muvi zilizotafsiriwa na madijei, anasema ni ushamba, anataka niangalie zile zenye maandishi chini. Mimi maandishi yanapita haraka sijayamaliza. Nifanyeje?*

Shikamoo mama. Angalia muvi zako za dijei kwa raha zako na usione aibu hata kidogo. Mwambie kijana kwamba Japani, zamani sinema zilipokuwa hazina sauti, kulikuwa na watu wanaitwa benshi, wanasimama pembeni ya kitambaa wanasimulia picha nzima, sauti ya mwanamke wao, ya jambazi wao, na watu walikuwa wanakata tiketi kwa kumfuata benshi fulani kama sie tunavomfuata mwimbaji. Kaka yake Akira Kurosawa, mwongozaji mkubwa kabisa wa filamu wa Japani, alikuwa benshi, na ndiye aliyempeleka mdogo wake kwenye sinema. Sasa kama hao ni washamba basi ushamba umezaa vitu vikubwa.

Na hapa kwetu nani asiyemkumbuka Lufufu, yule msimulizi wa muvi? Sie tuliokulia kwenye vibanda umiza, vile vya kuonyeshea muvi, mi nilikuwa naingia kile cha jirani na kwetu Mwanjelwa kwenye benchi la mbao, watoto mbele wakubwa nyuma, ile sauti ya msimulizi ndo iliyotufundisha kufuata hadithi ndefu. Alikuwa anampa steringi jina la mtaani, anatuambia huyu ni shemeji yake yule, angalia nyuma yako we! Tulikuwa tunapiga kelele benchi zima.

Lakini mama naomba nikwambie kitu na mimi kimoja. Kuna picha moja ya Kihindi niliiona pale kibandani nikiwa darasa la nne, mama anamsindikiza mwanae stesheni, msimulizi aliongea mwanzo mwisho, alituchekesha na kututoa machozi. Miaka mingi baadae nikaiona ileile bila msimulizi. Kumbe pale stesheni hakuna mtu anayesema neno. Hata moja. Yule mama anafunga kifungo cha shati la mwanae, anakifungua, anakifunga tena, treni inaondoka. Nililia mpaka nikazima. Kwaiyo kijana akirudi likizo mwambie badala ya kukucheka akuwekee sehemu moja tu ya muvi uliyoipenda, bila dijei, na yeye akae pembeni akusomee yale maandishi kwa sauti. Awe benshi wako. Mlishe ndizi akimaliza.

*Muvi sauti ya kuongea haisikiki, naongeza, ikija mlipuko nyumba inatetemeka mtoto anaamka analia. Alafu huku Kiwira mvua ikigonga bati ndo basi kabisa.*

Pole sana, hii ni ya nyumba nyingi. Sauti ya filamu imetengenezwa kwa ukumbi wenye spika nyingi, maongezi yana spika yake ya katikati peke yake, sasa TV yako ina spika mbili ndogo zinazoangalia chini au zinaangalia ukutani, yote yanabanwa humohumo na maongezi ndo yanayoumia. Ingia mipangilio ya sauti uangalie kama kuna kitu cha usiku au cha kukuza sauti ya mtu, kiwashe, kinashusha milipuko na kupandisha maongezi. Kama imewekwa sauti ya 5.1, ile ya spika sita, na huna hizo spika, rudisha stereo. TV itoe ndani ya kabati uiweke wazi. Na ukipata hela spika moja ya nje hata ndogo, inayokuangalia wewe usoni, itakusaidia kuliko TV mpya. Ya bati hiyo dawa yake ni dari, na mpaka dari ije, mvua ikishuka simamisha muvi mnywe chai kwanza.

*Kaka zangu wamenibishia. Tumeangalia Titanic nyumbani Kyela, mi nasema Jack na Rose ni watu wa kweli, wao wanasema ni uongo. Na kama ni uongo mbona nimelia hivi?*

Mdogo wangu, kaka zako wamekushinda nusu. Jack na Rose wametungwa, James Cameron ndo kawatunga kwa ajili ya filamu yake ya mwaka 1997. Kuna marehemu mmoja alizikwa Halifax kule Kanada kaburi lake limeandikwa J. Dawson na watu wanaenda kulilia wakidhani ni Jack, lakini yule alikuwa Joseph Dawson, mfanyakazi wa makaa ya mawe mule melini.

Ila uliyemlilia yupo. Unakumbuka wale wazee wawili wamelala kitandani wamekumbatiana, maji yanaingia chini ya kitanda, babu anambusu bibi? Wanaonekana sekunde chache tu, wengi wanawapita. Wale wametokana na watu wa kweli, Isidor na Ida Straus, matajiri wa New York wenye duka. Bibi aliambiwa apande mashua akakataa kumwacha mume wake. Kweli yenyewe ni kwamba mara ya mwisho walionekana wako juu kwenye sitaha, kitanda ni cha Cameron, lakini kukataa kwake kupanda ni kwa kweli. Na wanamuziki waliokuwa wanapiga meli inazama ni kweli. Na mashua zilikuwa 20, nafasi zake watu 1,178, wakati melini mlikuwa na watu kama 2,200, hiyo nayo ni kweli, usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili 1912 wakafa zaidi ya 1,500. Nyie watu wa Kyela mnaolijua Ziwa Nyasa linavobadilika mchana mmoja, mnaojua kuhesabu watu kwenye boti kabla hamjapanda, mna haki ya kuilia filamu hii kuliko mtu yeyote. Waambie kaka zako wairudie waangalie kitanda kile.

*Nina watoto wa miaka 6 na 9, wanaangalia kila kitu tunachoangalia sisi usiku, je ni vibaya? Mama wa Njombe*

Mama, ndio, punguza. Kwenye filamu huwa kuna alama ya umri, hata Bodi ya Filamu yetu inapanga madaraja, zile namba sio mapambo. Wa miaka 6 bado hatenganishi vizuri damu ya rangi na damu ya kweli, anakuja kuiota saa nane usiku na wewe ndo unaamka. Wawekee ya kwao saa kumi na mbili jioni, kaeni nao, waulizeni wameona nini, nyie yenu ianze wakishalala. Hapo sina maneno mengi.

*Kamwene dada. Nimeangalia The Woman King kwenye laptop ya mdogo wangu nikiwa na bibi yangu hapa Kalenga. Bibi hajui Kiingereza nilikuwa namtafsiria. Ilipoisha akanyamaza muda mrefu alafu akaniuliza, hawa wana muvi, mbona Mkwawa hana? Nikakosa jibu. Akasema yeye siku kichwa kinarudishwa alikuwa mtoto mdogo, alibebwa mabegani na baba yake, anakumbuka watu wengi. Dada, kwanini hatuna? Na je ile ya wale wanawake ni ya kweli yote? Msomaji wa Kalenga, Iringa*

Kamwene sana. Mpe bibi shikamoo yangu kwanza, na umwambie swali lake nimelibeba wiki nzima, nikiwa sokoni nalifikiria, nikiwa kwenye daladala nalifikiria.

Nianze na hiyo uliyoangalia. Ni ya mwaka 2022, Viola Davis ndo jemadari, na hadithi imewekwa mwaka 1823 kwenye ufalme wa Dahomey, ambao leo ni Benin. Wale wanawake wapiganaji, Agojie, walikuwepo kweli kabisa, mfalme Ghezo alikuwepo kweli, na kweli miaka ile Dahomey ilijikwamua kutoka kwa ufalme jirani wa Oyo waliokuwa wanaitoza. Kisa cha yule jemadari na binti yake kimetungwa. Hapo sina tatizo, muvi inaruhusiwa kutunga mtu. Tatizo langu ni sehemu moja, pale inapokufanya uamini kwamba Dahomey walikuwa wanataka kuacha kuuza watu. Dahomey ilitajirika kwa kuuza mateka, na Ghezo aliendelea na biashara hiyo miaka mingi baada ya 1823, mpaka Waingereza walipomfungia pwani akasaini mkataba wa kuiacha mwaka 1852. Wale wanawake uliowashangilia na bibi, na mimi niliwashangilia nikasimama kabisa, ndo hao waliokuwa wanakwenda kuteka vijiji. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja. Ushujaa wao na mateka wao. Muvi imetupa moja.

Sasa njoo Kalenga. Mi nakuambia kama kuna hadithi imeshajiandika yenyewe kwa ajili ya kamera ni hiyo iliyo hapo nyuma ya nyumba yenu. Tarehe 17 Agosti 1891, Lugalo, kikosi cha Wajerumani kinapita kwenye njia ya mawe na vichaka chini ya Emil von Zelewski, hawana habari, Wahehe wa chifu Mkwawa wamejilaza pande zote na mikuki. Muda mfupi tu imekwisha. Zelewski mwenyewe kafa, Wajerumani kumi, askari wao zaidi ya 200. Mnara upo mpaka leo ukiwa unaelekea Morogoro, mabasi yanaupita kila siku watu wamelala vitini. Alafu ile ngome ya Kalenga, Lipuli, ambayo vijana wengi wanalijua jina kwa sababu ya timu ya mpira, Wajerumani walirudi Oktoba 1894 na mizinga wakaivunja. Na bado Mkwawa hawakumpata. Miaka minne anahamahama porini, dau la rupia 5,000 limewekwa kwenye kichwa chake, watu wa Uhehe wanamficha na kumlisha, mpaka tarehe 19 Julai 1898 akajipiga risasi mwenyewe asikamatwe. Mwili umezikwa Mlambalasi. Kichwa kikakatwa kikapelekwa Ujerumani.

Na hapo ndo muvi nyingine ingekuwa inaanza! Vita Kuu ya Kwanza imeisha, mataifa makubwa yamekaa Versailles mwaka 1919 yanagawana dunia, na kwenye kifungu cha 246 cha mkataba ule, katikati ya mambo ya mabilioni na mipaka, limeandikwa fuvu la Mkwawa lirudishwe. Halikurudi. Miaka zaidi ya thelathini. Mpaka gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alipokwenda mwenyewe makumbusho ya Bremen, akakuta mafuvu kwa mafuvu, ikabidi walinganishe vipimo na vichwa vya ndugu zake walio hai ili kujua lipi ni lipi. Hebu fikiria hiyo picha tu. Mzungu kwenye chumba chenye mwanga wa dirishani, mafuvu yamepangwa rafuni kama vitabu, kila moja lilikuwa mtoto wa mtu, na anatafuta moja. Na yale mengine? Kamera ibaki pale kwa yale mengine akishatoka. Mi ningeiacha kamera ibaki pale.

Mwaka 1954 likafika Kalenga, akalipokea mjukuu wake, chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadae akaja kuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi. Na bibi yako mabegani kwa baba yake.

Kwanini hatuna? Hela ni sababu, sitaki kukudanganya, vita ya mikuki, mizinga na watu mia tano wenye mavazi ya 1891 sio ya kuchangishana kwenye kikundi. Dahomey ya kwenye muvi uliyoangalia ilijengwa Afrika Kusini kwa hela ya Hollywood. Lakini mi naona hela sio yote. Ruvuma pale, familia ya Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906, wamekuwa wanatafuta fuvu la babu yao, na kuna filamu ya makala inaitwa The Empty Grave, imetengenezwa na Cece Mlay wa hapa kwetu na Agnes Lisa Wegner wa Ujerumani, ikaonyeshwa Berlin mwaka 2024. Haina mizinga wala mikuki. Ina watu wa familia wanagonga milango ya ofisi, wanapanda ndege, wanarudi. Rais wa Ujerumani Steinmeier alikuja Songea tarehe 1 Novemba 2023 akaomba radhi mbele ya hao watu. Ukiiona filamu ile ndo utaelewa namaanisha nini nikisema kaburi linaweza kuwa tupu na watu wakalilinda.

Sababu nyingine inayotuchelewesha nitaisema kwa sababu mi mwenyewe ni damu ya Usangu, babu zangu ni wa Mbarali. Sie kwetu Mkwawa hatumsimulii kama mnavomsimulia nyie. Wahehe waliwapiga Wasangu wakawatoa kwenye nchi yao, na chifu Merere wa Usangu akaungana na Wajerumani dhidi ya Mkwawa. Ukimuuliza bibi yangu mimi alikuwa anasema Mjerumani alimrudisha mtu nyumbani kwake. Bibi yako akisikia hivo atakasirika, na ana haki, na bibi yangu naye alikuwa na haki. Siku muvi ya Mkwawa ikitengenezwa nitakuwa wa kwanza kuilipia, lakini isifanye kama walivofanya kwa Dahomey. Iwe na Msangu ndani anayeongea. Iwe na mama wa Usangu anafunga mzigo wake anaondoka Utengule, kamera imwangalie usoni, alafu tuje tumwone Mkwawa Lugalo na tumpende vilevile. Mi naamini watu wetu wanaweza kuyabeba yote mawili, tumezoea, kwenye harusi za huku Mhehe na Msangu wanakaa meza moja wanataniana mpaka asubuhi.

Sasa wewe wa Kalenga nina kazi nakupa na naomba uifanye wiki hii, sio mwezi ujao. Bibi yako ni kati ya wachache waliobaki walioiona siku ile kwa macho yao. Mkalishe pale anapopenda kukaa, mchana mwanga ukiwa mzuri, simu ilaze kwa upana, iegemeze kwenye kitu isitikisike, usiishike mkononi. Washa kurekodi alafu uisahau. Usimuulize Mkwawa alikuwa shujaa au la, hilo atakujibu kama wanavojibu watu wote. Muulize baba yake siku ile alikuwa amevaa nini. Muulize kama aliliona lile fuvu au aliona migongo ya watu tu. Watu walikuwa wanaimba au walikuwa kimya. Baba yake alimshusha saa ngapi, na walirudi nyumbani wamekula nini. Akinyamaza mwache anyamaze, usimsaidie maneno, usizime.

Ukimaliza nitumie. Nitaiangalia na mama yangu, ye anakijua Kisangu na Kihehe kidogo, ataninong'oneza pale nisipoelewa.